UZI: Ufunguo wa gari umepotea, umevunjika au rimoti imekufa. Unachoweza kufanya mwenyewe

#1 Spana10

Wakuu, maswali ya funguo yanarudi kila wiki na majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi. Tuyakusanye hapa. Naongelea hasa magari yaliyotumika kutoka Japani, yaani Toyota, Nissan na Honda za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo yanayoshuka bandarini Dar na Mombasa, na mara nyingi yanashuka na ufunguo mmoja tu.

Kabla hujatoa hata shilingi, elewa kwamba ulichoshika mkononi ni vitu vitatu ndani ya kava moja, na kila kimoja kinakufa kivyake.

Chuma: kinageuza kitasa, basi.

Chipu: kidude cheusi cha plastiki au kichupa cha kioo, urefu kama sentimita moja. Hakina betri. Kuzunguka mdomo wa swichi kuna koili. Ukiingiza ufunguo, koili inaipa chipu umeme kwa masafa ya 125 kHz (chipu za aina ya 4D ni 134.2 kHz), chipu inajibu, kompyuta inairuhusu injini.

Rimoti: hii ndiyo yenye betri. Kazi yake ni milango.

Kwa hiyo, rimoti haifungui lakini gari linawaka: tafuta kwenye betri, vitufe au usajili. Starta inazungusha, injini haishiki, na taa ya ufunguo kwenye dashibodi inamweka: chipu. Ufunguo haugeuki: chuma au kitasa. Gari ni la kuzungusha swichi, haliwaki, na fundi anaanza kwa kubadilisha betri ya rimoti? Huyo mwage mapema.

#2 BintiMagari

Shukrani mkuu. IST ya 2003, ufunguo wake ni chuma na plastiki tu, hauna kitufe. Nitajuaje kama una chipu?

#3 Chipu_4D

Dada, magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka hiyo hayana imobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu sahihi) kabisa, na IST nyingi ziko humo. Pima hivi. Zima gari, toa ufunguo, kaa nusu dakika uangalie dashibodi. Kwenye Toyota, taa nyekundu ndogo inayomweka yenyewe maana yake imobilaiza ipo. Kwenye Honda, ukifika ON, alama ya ufunguo wa kijani inawaka sekunde chache na kuzima. Ikiendelea kumweka, gari limekataa chipu.

Kipimo cha pili: chonga chuma kitupu ujaribu kuwasha. Kama imobilaiza haipo, gari litawaka na kutulia, na umeshapata spea yako kwa bei ya kuchonga tu. Kama ipo, litashika sekunde moja na kuzima, au halitashika kabisa.

Kwa Toyota, angalia shingo ya chuma karibu na plastiki. Nukta iliyogongwa ni 4D-67. Herufi G ni chipu ya G. H ni chipu ya H. Hakuna alama: ama 4C ya zamani, ama hakuna kitu. Alama hizi ndizo zinazoamua gharama yako. 4C na 4D-67 zinakopiwa na mashine ndogo za wachonga funguo. Fumbo la 4D lina biti 40 tu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na RSA Laboratories walilivunja mwaka 2005. G ina biti 80, inahitaji mashine nzuri zaidi. H usitegemee kuikopi, inasajiliwa kwenye gari.

Na kukopi si kusajili, watu wanachanganya sana hapa. Ukikopi, gari linadhani ni ufunguo uleule, halihitaji kuguswa. Ukisajili, gari linaongeza jina jipya kwenye orodha yake. Kukopi ni haraka, ila siku ufunguo mmoja ukiibwa huwezi kuufuta huo peke yake, maana kwa gari ni mmoja.

#4 Mzee_wa_Risasi

Mimi niweke upande wa rimoti, maana nyingi zinazotupwa ni nzima.

Betri kwanza. Namba inajieleza: CR2032 ni upana milimita 20 na unene milimita 3.2. CR2016 ni upana uleule, unene 1.6. CR1632 ni upana 16, unene 3.2. Zote ni volti 3. Fungua usome namba kwenye betri iliyomo, usinunue kwa kukisia umbo la rimoti.

Kosa baya kuliko yote: duka halina CR2032, muuzaji anakupa CR2016 mbili uzibebanishe. Unene unatimia, ni kweli, lakini umezipanga mfululizo, umepeleka volti 6 kwenye saketi ya volti 3. Bodi ikifa hapo haifufuki. Kosa dogo ni kuweka CR2016 moja kwenye nafasi ya 2032: inacheza, rimoti inafanya kazi ukiibana na kufa ukiilegeza.

Betri mpya inasoma kati ya volti 3.0 na 3.3 kwenye mita ya umeme. Lakini usiamini mita ikiwa betri haina mzigo. Iache ndani ya rimoti, gusa mita kwenye vishikio, bonyeza kitufe. Ikishuka chini ya 2.5, tupa. Baadhi ya betri za siku hizi zimepakwa kitu kichungu ili mtoto aziteme. Upako huo unaweza kuzuia mguso, ufute kwa spiriti kabla hujaweka. Na betri kuukuu usiiache mezani. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili; akimeza, hospitali hapohapo.

Sasa vitufe. Ukibonyeza na taa haiwaki, toa kava la mpira, bonyeza kiswichi chenyewe kwenye bodi kwa ncha ya kalamu. Kama sasa inafanya kazi, mpira umeisha, bodi ni nzima. Kama haifanyi, weka mita kwenye kipimo cha mlio, gusa miguu miwili ya kiswichi, bonyeza. Bila mlio, kiswichi kimekufa. Pima urefu, upana na kimo chake kabla ya kwenda Kariakoo, na kimo ndicho kinachowaponza watu: kikizidi nusu milimita, kava likifungwa linakibonyeza muda wote, na betri mpya inaisha ndani ya siku mbili.

Kukitoa: pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, nyuzi 330 hadi 350, risasi ya 60/40 yenye unene wa milimita 0.5 au 0.6. Ongeza risasi mpya kwenye miguu ya zamani kwanza ili ichanganyike na kulainika, kisha pasha upande mmoja baada ya mwingine, sekunde mbili au tatu kila mara. Usivute. Ukivuta, kile kipande chembamba cha shaba kinabanduka na bodi, halafu unaanza kuunga nywele za waya. Safisha kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu na mswaki.

#5 Spana10

Ongeza na iliyoanguka kwenye maji, mkuu.

#6 Mzee_wa_Risasi

Toa betri sekunde hiyohiyo. Kinachoua bodi ni maji yakikutana na umeme, maji peke yake hayana haraka. Kama ni maji ya bahari au ya sabuni, suuza kwanza kwa maji safi. Ajabu kusikia, lakini chumvi ikikauka ndani itakula shaba. Kisha spiriti, mswaki, na saa 24 kivulini. Usiianike juu ya dashibodi. Kutu ya kijani kwenye kishikio cha hasi inakwanguliwa taratibu kwa kijiti cha mbao.

Rimoti iliyoanguka kwenye sakafu ya marumaru ni kesi tofauti. Taa inawaka vizuri lakini gari halisikii. Mara nyingi ni kile kidude kinachotunza masafa, cha kioo-fuwele, kimepasuka ndani au mguu wake umeachia. Pitisha pasi kwenye miguu yake kwanza, kabla ya kununua kitu. Na acheni kupima rimoti kwa kamera ya simu. Kamera inaona mwanga wa infraredi, kama rimoti za tivii. Hizi zetu ni za redio, kamera haitaona kitu hata rimoti ikiwa mpya.

#7 Likoni_Kwetu

Nimeagiza kava jipya mtandaoni, nikahamisha bodi, rimoti yafanya kazi, milango yafunguka. Gari haliwaki. Bodi imeharibika?

#8 Chipu_4D

Bodi ni nzima ndugu, chipu umeiacha kwenye kava la zamani. Usilitupe. Kama lilikwenda jalalani, likimbilie hukohuko.

Kwenye Toyota za rimoti na chuma pamoja, chipu ni kipande tofauti, kimegandishwa kwenye plastiki iliyoshika chuma. Kwenye Nissan na Honda nyingi zenye rimoti kichwani, chipu iko kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo ukihamisha bodi umehamisha vyote. Ndiyo maana mwenye Nissan anakwambia ni kazi ya dakika tano na wewe wa Toyota inakuumiza.

Kuitoa: pitisha kisu cha wembe kwenye mshono wa kava, kidogo kidogo, kuzunguka, bila kuchimba ndani zaidi ya milimita mbili. Usigonge kwa nyundo; ile ya kioo ikipasuka ndiyo mwisho. Usitumie kiberiti kuyeyusha gundi. Ukiipata, iweke kwenye kijumba chake kwenye kava jipya na uishike kwa tone la silikoni, si gundi ya kukauka papo hapo, ili siku nyingine itoke.

Chuma kinachokuja na kava ni kitupu. Chonga kwanza, kijaribu kwenye mlango kabla ya swichi, kisha ndiyo ukusanye vingine. Kikikwama, bora kikwame mlangoni. Kama ni kava la kukunja, kuna kipini kinachoshika chuma. Kisukume kwa msumari mwembamba, na ile springi izungushe mzunguko mmoja au mmoja na nusu kabla ya kufunga, la sivyo chuma hakitaruka.

#9 Likoni_Kwetu

Nimelipata kava. Chipu ilikuwemo. Limewaka.

#10 Spana10

Safi. Sasa kusajili rimoti (milango tu, si chipu) bila mashine. Hizi ni za magari ya kuzungusha swichi.

Nissan: funga milango yote na uiloki kwa swichi ya ndani. Ingiza ufunguo na uutoe wote, mara 6 au zaidi, ndani ya sekunde 10. Taa za hazadi zitamweka mara mbili. Ingiza, geuza hadi ACC, bonyeza kitufe chochote cha rimoti, hazadi zimweke tena. Wengi wanashindwa kwa kuwa hawautoi wote. Gari linahesabu pale ufunguo unapoachia kabisa.

Honda: geuza ON, bonyeza LOCK ya rimoti, rudisha OFF. Rudia hadi mara tatu, kila hatua ndani ya sekunde 4. Mara ya nne ON na LOCK, utasikia loki zikigonga. Acha ON, na ndani ya sekunde 10 bonyeza LOCK ya kila rimoti unayotaka itambuliwe. Rimoti zote ziwe mkononi, pamoja na ile inayofanya kazi, maana usajili mpya unafuta wa zamani.

Toyota: namna ya kuingia inatofautiana. Baadhi zinataka ufunguo uingizwe na kutolewa, kisha mlango wa dereva ufunguliwe na kufungwa mara mbili. Nyingine zinataka swichi ya loki ya mlangoni ibonyezwe LOCK na UNLOCK mara 5. Fuata ya modeli yako. Kinachofuata ndicho muhimu: unageuza swichi ON na kurudi LOCK, na idadi ndiyo amri. Mara 1 ni kuongeza. Mara 2 ni kufuta zote na kuandika upya. Mara 3 ni kuuliza ziko ngapi. Toa ufunguo, loki zitagonga idadi hiyohiyo kukuthibitishia (ukigeuza mara 3, zinagonga idadi ya rimoti zilizosajiliwa). Hapo bonyeza LOCK na UNLOCK za rimoti pamoja kwa sekunde moja hadi moja na nusu, achia, na ndani ya sekunde 3 bonyeza LOCK peke yake kwa sekunde moja au zaidi. Loki zikigonga mara moja, imekubali. Mara mbili, imekataa. Ukigeuza mara 2 kwa bahati mbaya na rimoti nyingine iko nyumbani, umeifuta.

#11 BintiMagari

Na ukiagiza rimoti mpya, unaangalia nini zaidi ya picha kufanana?

#12 Chipu_4D

Masafa. Za Japani zinacheza kati ya 312 na 315 MHz. Za Uingereza, Ulaya na nyingi za Ghuba ni 433.92. Kava linafanana kabisa, hata nembo. Kwa hiyo Toyota iliyopitia Dubai ikiwa ya soko la Ghuba haitasikia rimoti ya Japani hata uisajili hadi asubuhi. Mwenye kile kifaa cha USB cha RTL-SDR (kinapokea mawimbi ya redio) anaweza kusikiliza kwenye simu au kompyuta: bonyeza rimoti, tazama mstari unaruka 315 au 433.

Kwa ufunguo wa smati wa Toyota (gari la kuwasha kwa kitufe), fungua usome namba kwenye bodi. Nyingi zinaanza na 271451, kisha kistari na tarakimu nne. Hizo nne ndizo zinazotenganisha bodi, linganisha zote. Na usinunue kuukuu: ufunguo wa smati wa Toyota ukishasajiliwa kwenye gari moja umejifunga, gari jingine halitaupokea mpaka ufunguliwe kwa mashine maalumu. Muuzaji atakwambia ni mzima, na kweli ni mzima.

#13 Mzee_wa_Risasi

Kwa hao wa smati: betri ikifa njiani gari linawaka bado. Ndani kuna chuma kidogo, kivute kwa kubonyeza kijiloki cha pembeni, fungua mlango. Kanyaga breki, gusisha upande wenye nembo ya rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio, bonyeza kitufe ndani ya sekunde chache. Baadhi ya Nissan za zamani zina tundu la kuchomeka rimoti nzima. Hapo rimoti inajibu kwa chipu, haihitaji betri.

Betri inaisha kila mwezi? Unaiweka karibu na tivii, redio au chaja ya simu. Mawimbi yake yanaiamsha rimoti muda wote.

#14 Spana10

Tufike kwenye uchungu wenyewe: funguo zote zimepotea.

Chuma kinapatikana. Tafuta kile kibati kidogo chenye namba kilichokuja na ufunguo. Kwa Toyota nyingi ni tarakimu 5. Kama hakipo, toa kitasa cha mlango wa abiria, kwenye magari mengi ya zamani namba imegongwa juu yake. Kuchonga kwa namba kunakupa meno ya kiwandani. Kuchonga kwa kunakili ufunguo uliochakaa kunakupa ufunguo mpya uliochakaa.

Chipu ndiyo kazi. Toyota za imobilaiza zina ufunguo masta na ule wa kijivu wa kumwachia mwosha gari. Wa kijivu unawasha lakini hauwezi kuongeza mwingine. Bila masta hata mmoja, kumbukumbu ya imobilaiza inawekwa upya kwa Techstream (programu ya mafundi wa Toyota) au mashine kama za Autel na Xhorse kupitia OBD, lile tundu la kuchomeka mashine ya kupimia gari. Kwenye baadhi ya Toyota kusubiri peke yake ni dakika 16. Betri ya gari iwe na volti 12.5 au zaidi, taa na feni zimezimwa, chaja imeunganishwa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, unaweza kuishia kununua kompyuta badala ya chipu. Hii, kwa maoni yangu, si ya kujifunzia kwenye gari lako la pekee.

Fundi atataka kadi ya gari (Kenya logibuku), kitambulisho na taarifa ya polisi ya upotevu. Asiyeuliza kimojawapo, jiulize anawachongea kina nani wengine.

#15 BintiMagari

Ufunguo ukikatikia ndani ya swichi je? Kuna mtu ananishauri nipake gundi nusu iliyobaki niiunganishe.

#16 Mzee_wa_Risasi

Dada usithubutu. Gundi inatiririka hadi kwenye vibati vya kitasa, na hapo unanunua swichi nzima.

Kwanza swichi iwe LOCK. Ikiwa imesimama kwenye ACC au ON, vibati vimekishika chuma na hakitoki hata kwa koleo. Ingiza bisibisi bapa nyembamba, zungusha taratibu hadi LOCK. Kisha chukua kipande cha msumeno mwembamba wa fretwaya, meno yakitazama nje, kiteleze juu ya upande uliochongwa, kipindishe kidogo king'ate, vuta moja kwa moja. Usiingize nusu nyingine, inasukuma ile ya ndani. Vipande viwili mpelekee mchonga funguo, vinatosha kusoma meno.

Kabla ya kurudisha ufunguo mpya, weka unga wa grafaiti kidogo. Penseli laini ikisuguliwa kwenye chuma inafanya kazi hiyohiyo.

#17 Likoni_Kwetu

WD-40 je? Kila mtu apuliza hiyo.

#18 Mzee_wa_Risasi

Inalainisha wiki mbili, halafu vumbi letu linashikana nayo, na kitasa kinakuwa kigumu kuliko mwanzo. Kama umeshapuliza, osha kwa spiriti, acha ikauke, ndipo grafaiti.

#19 BintiMagari

Swali la mwisho. Nimeshapata ufunguo mpya. Aliyeokota wa zamani bado anaweza kuwasha?

#20 Chipu_4D

Kama wako umesajiliwa, ndiyo, mpaka wa zamani ufutwe. Mwambie fundi afute chipu zote na asajili upya zile ulizonazo mkononi tu, kisha akuonyeshe idadi kwenye skana. Rimoti nazo: Toyota ingia kwa kugeuza mara 3, hesabu loki zimegonga mara ngapi, zikizidi ulizonazo, rudi ingia kwa mara 2 uandike upya. Kama ulikopiwa, masta wako ndio uleule wa mwizi. Nunua chipu mpya isajiliwe, na ya zamani ifutwe hata kama iko mkononi mwako.

Chuma hakifutiki. Mlango utafunguka tu.

#21 BintiMagari

Kwa hiyo nibadilishe kitasa cha mlango wa dereva?

#22 Chipu_4D

Hicho, na cha buti kama lina tundu la ufunguo. Na kama gari halina imobilaiza, na cha swichi pia.